Jina la Kubandika

Mapema mwaka 1951, katika kiwanda cha Leo Fender mjini Fullerton, California, jina la gita lilikuwa likikatwa kwa mkasi. Gita lenyewe lilikuwa jipya, la umeme, mwili wake ubao mzito usio na uwazi, na lilikuwa limeanza kuuzwa miezi michache tu nyuma kwa jina la Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ya New York, ambayo tayari ilikuwa na ngoma zinazoitwa Broadkaster, ikapeleka simu ya maandishi kudai haki yake. Fender hakutaka ugomvi. Ila vibandiko vya kichwani vilikuwa vimekwisha kuchapwa na kuvitupa ni hasara, basi neno la pili likakatwa, likaachwa neno Fender peke yake. Kwa miezi kadhaa magita yalitoka hivyo, yana jina la mwenye kiwanda na hayana jina lao, hadi likaja jina la Telecaster ambalo dunia nzima inalijua.

Leo wakusanyaji wanayatafuta magita ya miezi ile kwa udi na uvumba. Na fundi anayeyajua hahangaiki na kichwa. Analegeza skrubu nne, anaitoa shingo, anasoma tarehe iliyoandikwa kwa penseli pale kwenye kisigino, mahali ambapo hakuna mnunuzi aliyetarajiwa kupachungulia.

Gita kuukuu likiwekwa mezani, jicho la kila mtu hukimbilia kichwani. Ni kawaida, hapo ndipo pameandikwa. Ukilikuta jina kubwa moyo unadunda, ukilikuta jina usilolijua unashusha pumzi, na pasipo na jina kabisa watu wengi wanaligeuzia gita mgongo. Kadiri nilivyoyasoma na kuyashika magita haya ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kichwa ndicho shahidi wa kuhojiwa mwisho. Jina ni kitu chepesi kuliko vyote vilivyomo katika gita. Hubandikwa, hubanduliwa, hukatwa, huuzwa lenyewe bila kiwanda chake. Mbao, waya na risasi ya kulehemu havihami kwa urahisi namna hiyo.

Chanzo cha mvurugano huu ni biashara. Chicago ya katikati ya karne ya 20 ilikuwa na viwanda vilivyoishi kwa kutengeneza magita yatakayovaa majina ya watu wengine. Harmony, iliyoanzishwa mwaka 1892 na mhamiaji wa Kijerumani Wilhelm Schultz, ilinunuliwa na kampuni ya Sears, Roebuck mwaka 1916, na hata ilipotoka mikononi mwa Sears mwaka 1940 iliendelea kuitengenezea magita. Kay ilikuwa mji huohuo. Valco nayo ilikuwa hapo, jina lake likiwa limefinyangwa kutoka herufi za kwanza za washirika watatu: Victor Smith, Al Frost na Louis Dopyera. Sears iliuza magita kwa jina la Silvertone. Mshindani wake, Montgomery Ward, aliuza kwa jina la Airline. Zote mbili zilikuwa zikipeleka katalogi nene hadi kwa mkulima wa Mississippi aliye mbali na duka lolote la muziki, naye alichagua gita ukurasa mmoja na majembe ukurasa mwingine, akalipia, akalisubiri posta.

Kwa hiyo hakuna kiwanda popote duniani kilichoitwa Silvertone. Weka magita mawili ya Silvertone ukutani. Moja limetoka kwa Harmony, mwili wake wa mbao ulio wazi ndani, pikapu zake, vile vinasa mlio vya chini ya nyuzi, zikiwa zimefunikwa kwa karatasi ya rangi ya dhahabu. La pili limetoka New Jersey, kwa Danelectro ya Nathan Daniel, na mwili wake ni fremu ya mbao laini iliyofunikwa kwa mbao za kubanwa, zile za Masonite, na pikapu zake zimeingizwa katika vibweta vya chuma vya rangi ya mdomo. Vibweta vyenyewe, si mfano wake: Daniel alivinunua kutoka kwa watengenezaji wa rangi ya mdomo kwa sababu vilikuwa rahisi, vilitosha, na vilizuia kelele za umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gita lake moja la Silvertone liliuzwa ndani ya sanduku lenye kikuza sauti na spika. Kijana asiye na chochote alifungua sanduku, akachomeka waya, akawa na kila alichohitaji ili kuanza. Nalipenda gita lile kwa sababu mtu aliyelibuni alikuwa amefikiria sana kuhusu mtu maskini, na hakumfikiria kwa dharau.

Magita hayo mawili yana jina moja na hayana udugu wowote. Kinyume chake pia kipo. Gita la Airline na gita la Supro, yaliyoagizwa na wafanyabiashara tofauti na kuuzwa kwa bei tofauti, huenda ni watoto wa meza moja pale Valco, wenye pikapu zilezile na shingo zilezile.

Kisha viwanda vikafa na majina yakabaki hai. Kay na Valco, zilizokuwa zimeunganishwa mwaka 1967, zilianguka mwaka uliofuata. Danelectro, iliyouzwa kwa kampuni ya MCA mwaka 1966, ilifungwa mwaka 1969. Harmony ikafika mwisho katikati ya miaka ya 1970. Majina ya Kay na Harmony yakanunuliwa na kubandikwa kwenye magita yaliyotengenezwa Asia, na ndiyo maana mtu anaweza kukuletea Harmony mbili ambazo kati yake ipo bahari nzima.

Japani ndiko jambo hili lilikofika kilele. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1930 ilidai kila bidhaa ya kigeni ioneshe nchi ilikotoka. Haikudai jina la aliyeitengeneza. Mwanya huo mdogo wa sheria umewafuta maelfu ya mafundi. Muagizaji wa Kimarekani alipeleka oda Tokyo au Nagoya, akachagua umbo, akataja jina analolitaka, na gita likapanda meli likiwa na sahani ya chuma nyuma ya shingo inayosema limetengenezwa Japani, basi. Kichwani liliandikwa Kent, au Kingston, Norma, Zim-Gar, Beltone, Heit Deluxe, Tele-Star. Uingereza, duka la Woolworth liliyauza kwa jina la Audition. Majina hayo yalikuwa ya wauzaji, na mengi yao yalihamahama kati ya viwanda kadiri bei ilivyopanda au kushuka, hata magita ya jina moja ya mwaka mmoja yakawa na wazazi tofauti.

Wazazi wenyewe wanajulikana. Teisco ilianza Tokyo mwaka 1946 na ikanunuliwa na Kawai mwaka 1967. Guyatone nayo ilikuwa ya Tokyo. Katika mji wa Matsumoto, mkoa wa Nagano, uliozungukwa na milima, kulikuwa na viwanda viwili ambavyo kila anayeshika gita la Kijapani la miaka ya 1970 anapaswa kuvijua: Matsumoku na FujiGen Gakki. Matsumoku ilianza mwaka 1951 kwa useremala, na kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza makabati na meza za cherehani za Singer, jina ambalo msomaji wa huku analijua kutoka kila baraza la fundi nguo. Mikono iliyozoea kuunga mbao za cherehani kwa ulinganifu ikahamia kwenye magita, na uzuri wa maungio ya Matsumoku hadi leo unaonekana kwa jicho tupu. FujiGen ilianzishwa mwaka 1960. Kwa pamoja, viwanda hivyo viwili vilitengeneza magita ya Aria, Epiphone, Univox, Greco, Ibanez na mengine mengi.

Jina la Ibanez peke yake lingetosha kuandikiwa makala. Salvador Ibáñez alikuwa mtengenezaji wa magita mjini Valencia, Hispania. Kampuni ya Hoshino ya Nagoya, iliyochipuka kutoka duka la vitabu, iliyaagiza magita yake kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na baadaye ikalichukua jina. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa jina la fundi wa Kihispania juu ya kichwa cha gita la Kijapani lililonakiliwa kutoka gita la Kimarekani. Mwezi Juni 1977 kampuni ya Norlin, iliyomiliki Gibson, ilifungua kesi mjini Philadelphia dhidi ya Elger, tawi la Hoshino nchini Marekani. Shauri lilikuwa juu ya umbo la kichwa cha gita, na Ibanez ilikuwa imekwisha kulibadili umbo hilo. Kesi ikamalizwa kwa maelewano. Lakini tangu hapo wauzaji wanaliita gita lolote la Kijapani linalofanana na la Kimarekani kuwa ni gita la kesi, hata lile ambalo kiwanda chake hakikuwahi kuitwa mahakamani. Ni jina jingine la kubandika, nalo halikubandikwa kwa gundi bali kwa mdomo, na hilo ni gumu zaidi kulibandua.

Uingereza nako kulikuwa na sababu yake ya kubandika majina. Hadi mwaka 1959 vizuizi vya uagizaji vilizuia ala za Kimarekani kuingia, na vijana waliotaka kupiga kama Wamarekani walipata kilichofika. Hank Marvin wa The Shadows alipiga gita la Antoria, ambalo ni la Guyatone lililobadilishwa jina na muagizaji, kabla mwimbaji wao Cliff Richard hajamwagizia Stratocaster ya Fender. George Harrison wa Beatles alikuwa na Futurama. Gita hilo lilitoka Chekoslovakia, ambako liliitwa Resonet Grazioso. Futurama ni jina lililobandikwa na Selmer, muuzaji wa London. Miaka michache baadaye Selmer akalihamishia jina hilo kwenye magita ya Hagström ya Sweden. Anayesema ana Futurama bado hajakuambia kitu. Muulize ni ya nchi gani.

Tuseme sasa gita liko mezani na jina lake halieleweki, au halipo. Kichwani kuna mashimo mawili ya misumari midogo sana, na kati yake kuna alama ya kibao ambacho hakipo: vanishi iliyokuwa chini yake haikupigwa jua, kwa hiyo imebaki nyeupe zaidi kuliko iliyoizunguka, na ukilielekeza gita dirishani ukalizungusha polepole, umbo la kibao linajitokeza. Pima umbali kati ya mashimo. Pima urefu wa alama. Vibao vya majina yale ya Kijapani vilikuwa vya chuma au plastiki, kila kimoja na kipimo chake, na mara nyingi picha ya gita jingine lililohifadhiwa vizuri itakuonesha kibao kinachoingia palepale. Fundi akiyaziba mashimo hayo na kupaka rangi upya ili kichwa kipendeze, amechoma cheti cha kuzaliwa.

Baada ya kichwa, geukia skrubu. Za Kijapani zina meno ya milimita na za Kimarekani zina meno ya inchi, na nati ya moja haiikubali nyingine. Ukikuta gita lenye sahani ya Japani lakini skrubu za inchi upande mmoja, ujue upande huo umewahi kufunguliwa na mtu aliyekuwa na spea za Kimarekani. Chunguza ukingo wa tundu la pikapu palipokatwa mbao: plaiwudi ya luan, mbao ya Kusini Mashariki mwa Asia, inasema jambo moja, na ubao mmoja mzima unasema jingine. Katika magita ya Harmony yenye mwili wazi, chungulia ndani kwa taa ndogo na kioo. Kuna muhuri wa wino wenye herufi F au S na tarakimu mbili za mwaka, na kuna namba ndefu ambayo sehemu yake inayofuata herufi H ni namba ya modeli. Gita likiwa na jina la Silvertone au la Airline kichwani, tumbo lake limekwisha kukiri kwamba ni la Harmony.

Kisha fungua kibao cha plastiki kilichobeba waya. Mgongoni mwa potensiometa, ile ambayo mafundi redio wanaiita volyumu, viwanda vya Kimarekani vilipiga chapa ya namba. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Namba 3046234 inasema Stackpole, mwaka 1962, wiki ya 34. Pikapu za DeArmond, zilizotengenezwa na Rowe Industries mjini Toledo, Ohio, na ndizo zilizopamba magita mengi ya Harmony, mara nyingi zina tarehe kamili ya wino mgongoni. Hapo ndipo mtu huanza kushangilia, na hapo ndipo inampasa atulie. Namba hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa potensiometa. Gita haliwezi kuwa la zamani kuliko hiyo kama haijabadilishwa, lakini laweza kuwa la baadaye sana: Fender ilinunua shehena kubwa ya potensiometa mwaka 1966 na kuendelea kuzifunga kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana unaangalia pia lehemu. Risasi ya kiwandani iliyozeeka haing'ai, na yule aliyelehemu vituo vyote siku moja ana mwandiko mmoja. Kituo kimoja kikiwa kinang'aa na kimevimba, mkono mwingine umepita hapo.

Na hata maandishi ya kiwandani hudanganya. Gibson ilianza kutumia pikapu ya mhandisi wake Seth Lover yenye koili mbili, ile inayoua mvumo, mwaka 1957, ikiwa na kibandiko kinachosema hataza imeombwa. Lover alipata hataza yake Julai 1959, namba 2,896,491. Kibandiko cha zamani kikaendelea kwa miaka mitatu hivi, na kilipobadilishwa kikawekwa namba 2,737,842. Namba hiyo si ya pikapu. Ni hataza ya mpiga gita Les Paul ya mwaka 1956, ya kile kipande cha chuma kinachoshika mikia ya nyuzi. Kwa miaka mingi Gibson, kampuni kubwa yenye wanasheria wake, ilibandika namba ya kifaa kimoja mgongoni mwa kifaa kingine. Mtu asiyejua akiikuta leo atasema pikapu ni ya kughushi, na anayejua atasema hilo kosa ndilo linalothibitisha kwamba ni yenyewe.

Kwa Epiphone nina mapenzi ya pekee, kwa sababu hakuna jina lililosafiri na mizigo mingi namna hiyo. Epi Stathopoulo, mtoto wa fundi wa Kigiriki, alilitoa katika jina lake mwenyewe akiwa New York. Alifariki mwaka 1943. Mwaka 1957 kampuni yake ikanunuliwa na waliomiliki Gibson, mabaki ya kiwanda yakahamishiwa Kalamazoo, Michigan, na kwa miaka michache kulitoka magita yenye miili mipya ya Kalamazoo na shingo na pikapu zilizobaki kutoka New York. Ukiliona gita hilo unaweza kudhani mtu ameunganisha magita mawili yaliyovunjika. Halikuvunjika. Lilizaliwa hivyo. Miaka ya 1970 ilipoanza, Epiphone ikahamishiwa Japani, na Matsumoku ikatengeneza magita ambayo tayari yalikuwa yakiuzwa kwa majina mengine, kwa kulibadilisha jina tu. Ndani yake kuna karatasi ya buluu inayotaja Kalamazoo, Michigan, na kwenye karatasi hiyohiyo imeandikwa kwamba limetengenezwa Japani. Nimeona watu wakiibandua wakidhani ni takataka ya muuzaji fulani. Ile karatasi ni habari yote ya gita lile, katika sentimita chache.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoamini kwamba kukarabati ni kurudisha kitu kinavyostahili kuwa. Neno kustahili ndilo linaloniogopesha. Anayenunua Kingston ya mwaka 1966, akagundua imetengenezwa na Kawai, kisha akaichonga kichwa na kuiwekea jina la Kawai ili iwe sahihi, ametunga gita ambalo halikuwahi kuwepo. Anayechukua nakala ya Matsumoku akaibandika jina la Gibson amefanya wizi, na vibandiko vya kazi hiyo vinauzwa waziwazi. Nia zao hazilingani, lakini mkono unafanya jambo lilelile.

Kazi halali ni ya kurudisha mlio, na ni kubwa ya kutosha. Shingo za bei rahisi za miaka ile nyingi hazina fimbo ya kurekebisha. Zina chuma kilichozikwa ndani, na baadhi ya vichwa vinalitangaza jambo hilo kwa fahari. Chuma kikipinda na mbao, hakuna skrubu ya kukaza. Zipo njia za joto na kubana, za kuinua pembe ya shingo kwa kijipande chembamba cha mbao, za kupiga freti tupa hadi ziwe sawa. Zote zinafanyika bila kugusa kichwa. Kabla ya kusafisha, jaribu dawa yako sehemu iliyofichika: laka ya zamani ya Kimarekani huyeyuka kwa kemikali ambazo rangi ya Kijapani ya polyester haizisikii hata kidogo. Taa ya urujuanimno itakuonesha palipopakwa upya, kwa maana laka iliyozeeka hung'aa kwa namna ambayo mpya haing'ai. Vibao vya seluloidi vina tabia mbaya ya kuoza vikiwa ndani ya sanduku lililofungwa, vikitoa mvuke unaotia kutu chuma chote kilicho jirani. Kikianza kunyauka kitolewe, kifungwe peke yake, kiandikwe ni cha gita gani.

Pikapu iliyokufa inahitaji subira kuliko yote. Mita isiposoma kitu, usikimbilie kuifumua. Waya wake wa shaba una unene wa takriban milimita 0.06 na umezungushwa maelfu ya mara, na mara nyingi umekatika mwanzoni au mwishoni tu, pale unapounganishwa na waya mnene wa kutokea. Kwa kioo cha kukuzia, ncha ya sindano na kidonge kidogo cha risasi, pikapu ambayo imekuwa kimya kwa miaka 40 inaamka na waya wake wa kuzaliwa. Isipowezekana, ndipo isukwe upya kama mafundi wetu wanavyosuka mota, sumaku na kiunzi vikibaki vilevile, na idadi ya mizunguko iandikwe.

Pikapu hizi zimekuwa bahati mbaya ya magita yake. Ry Cooder alipoweka pikapu ya Teisco yenye karatasi ya dhahabu katika Stratocaster yake, wapiga gita duniani walisikia mlio ule wakaanza kuitafuta. Teisco zilizokuwa zikitupwa zikapanda bei, lakini wengi hawakuzitaka zenyewe. Walizinunua, wakang'oa pikapu, wakauza funguo, wakatupa miili. Katika hili sina upole. Gita lililokuwa zima, lenye shingo iliyopitiwa na tupa ya mtu pale Tokyo, halikuwa ghala la spea. Hound Dog Taylor alipiga magita ya bei rahisi ya Kijapani katika vilabu vya Chicago, na santuri yake ya mwaka 1971, ya kwanza kutolewa na Alligator Records, ina ukali ambao gita la thamani lisingeutoa kwa namna ile. Gita lilikuwa zima mikononi mwake.

Kwetu Afrika Mashariki swali la jina na chombo lina historia yake. Wanamuziki wa bendi kubwa za dansi za Tanzania kwa kawaida hawakumiliki vyombo. Vilikuwa vya chama, shirika au tajiri, na jina la bendi lilimfuata mwenye vyombo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilibeba jina la chama cha wafanyakazi. Chama kikawa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Na muda wote huo mashabiki waliijua kwa mtindo wake, Msondo. Miaka ya uhaba wa fedha za kigeni ilipofika, spea hazikupatikana, na fundi redio alifunga alichokuwa nacho. Wapo waliofumua waya wa breki za baiskeli wakapata nyuzi. Kwa hiyo gita lililopitia mikono hiyo laweza kuwa na kitufe cha redio mahali pa kitufe chake, na kapasita ambayo haikuwahi kufika Matsumoto.

Je, vitolewe? Mkusanyaji wa Ulaya angesema ndiyo, bila kusita. Mimi ningekiacha kitufe, ningeiacha kapasita kama bado inafanya kazi, na kama imekufa ningeibadilisha na kuihifadhi ile ya zamani ndani ya bahasha. Aliyeifunga alikuwa na dansi usiku ule, na gita likapigwa. Hayo ni maisha ya gita sawa na siku ya kwanza kiwandani.

Jambo moja tu naliomba kwa kila anayelikabidhi gita la namna hii kwa mwingine: karatasi ndani ya sanduku. Jina lililoko kichwani na kama limekuwepo tangu mwanzo. Kiwanda, na ushahidi wa kiwanda: muhuri, skrubu, pikapu, maungio. Mwaka wa potensiometa, na onyo kwamba ni wa potensiometa. Kilichobadilishwa, na nani, na lini. Bei inaweza kushuka kwa ukweli huo, na iachwe ishuke.

FujiGen siku hizi inauza pia magita yenye jina lake yenyewe, kwa herufi FGN, kichwani, mahali pa kila mtu kuona. Matsumoku ilifungwa mwaka 1987. Magita yake bado yako mikononi mwa watu kwa majina ya wauzaji, na jina la kiwanda litaandikwa tu na yule atakayezifungua skrubu nne za shingo, akaangalia, na akachukua kalamu.